Mkono Unaotetemeka: Je, Urithi ni Hatia?



Swali la mwezi huu hatukulitafuta sisi. Lilikuja lenyewe mlangoni petu hapa Maisaka, jioni moja mvua ilipokuwa ikishuka kutoka mlima Kwaraa. Aliyelileta ni mshenga. Kijana mmoja wa usharika wetu alikuwa amepeleka posa, nayo ikapokelewa kwa furaha, hata siku ya kuzungumza habari za mahari ilikuwa imekwisha kutajwa. Kisha wazee wa binti wakalisimamisha shauri. Mshenga akatuambia, "Baba Mchungaji, wanasema baba yake kijana anatetemeka mkono, na babu yake naye alikufa akitetemeka. Wanauliza kama ukoo ule una laana. Tena wanasema, mbona hata kanisa lenyewe limemwondoa mzee yule asishike sahani ya sadaka?"

Neno hili la mwisho lilituchoma, kwa maana lilikuwa kweli. Mzee yule ni mzee wa usharika, na kwa miaka mingi alipokea sadaka kila Jumapili. Mkono wake wa kuume ulipoanza kutetemeka juu ya goti lake wakati wa mahubiri, watu wakaanza kunong'ona. Wengine walisema amelogwa, wengine walisema kuna jambo la kale katika nyumba ile ambalo halijaungamwa. Shauri lilipoletwa barazani, hatukumtetea. Tulimwambia, "Pumzika sasa, mzee wetu." Tuliliita neno hili huruma, lakini lilikuwa woga. Yeye aliinamisha kichwa, akasema, "Haya, Baba Mchungaji," na tangu siku ile huketi nyuma kabisa, karibu na mlango.

Basi imetupasa kulijibu swali la mshenga, na katika kulijibu, kulitazama kosa letu pia. Swali lenyewe ni hili: mtu akirithi udhaifu katika mwili wake, je, amerithi na hatia?

Kwanza na tujue ugonjwa huu ni nini, maana asiyejua huhukumu upesi. Mwaka 1817 daktari mmoja wa London, jina lake James Parkinson, aliandika kitabu kidogo juu ya watu aliowaona wakitetemeka mikono ilipokuwa imetulia, wakienda kwa hatua fupi na mwili umeinama mbele. Kwa ajili hiyo ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Baadaye madaktari wakatambua ya kuwa ndani ya ubongo wa wagonjwa hawa chembe hai fulani hufa kidogo kidogo. Kazi ya chembe hizo ni kutengeneza maji ya kupelekea habari, yaitwayo dopamini, ambayo kwayo ubongo huuamuru mwili uende kwa wepesi. Yakipungua, viungo hukaza, mwendo huwa wa polepole, sauti hufifia, maandishi huwa madogo, na uso husimama hata watu wakadhani mtu yule amekasirika au hana furaha, naye sivyo alivyo. Ugonjwa huu huwapata zaidi wazee. Dawa iitwayo levodopa, iliyoanza kuwafaa wagonjwa katika miaka ya 1960, huwarudishia wengi wepesi wao kwa miaka kadha, ijapokuwa haiondoi ugonjwa wenyewe.

Wala asiseme mtu kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, penye sharika nyingi za Kilutheri, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu wapatao 161,000, na habari zao zikachapwa mwaka 2008. Waliwaona wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa na mtu awaye yote jina la ugonjwa wao, wala kupewa dawa yake. Mwaka 2011 ikatolewa taarifa nyingine kutoka huko huko Hai, yenye maneno ya wagonjwa wenyewe na ya wale wanaowatunza. Wao waliuita ugonjwa wa kutetemeka tu. Fikirini, wapenzi, ni wazee wangapi wa namna hii wanaoketi karibu na milango ya makanisa yetu, wasio na jina la ugonjwa wao ila jina tunalowapa sisi kwa kunong'ona.

Sasa tuje kwenye urithi. Mwaka 1997 wataalamu walitambua katika jamaa chache za Italia na Ugiriki kosa moja katika jeni, yaani katika maandiko madogo ya urithi yaliyomo ndani ya chembe hai zetu. Katika jamaa hizo ugonjwa hushuka kutoka mzazi hata mtoto. Walakini jamaa za namna hiyo ni haba sana. Wagonjwa walio wengi hawana ndugu wa karibu mwenye ugonjwa huu. Mtoto wa mgonjwa ana hatari iliyozidi kiasi kuliko mtoto wa mtu mwingine, lakini watoto walio wengi wa wagonjwa hawaugui kamwe.

Tena limeonekana jambo lingine, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mwaka 1958 Mfaransa Jean Dausset alianza kuonyesha ya kuwa chembe hai za kila mtu zina alama zake, ambazo leo huitwa HLA. Kazi yake tuieleze kwa mfano. Katika kijiji chenye walinzi wa usiku, kila nyumba huweka mlangoni kipande cha kitu kilichomo ndani, ili mlinzi apitapo atazame na kujua kama mwenye kukaa humo ni mwenyeji ama mwizi. HLA ni ile sahani ya mlangoni, na walinzi ni chembe nyeupe za damu, yaani kinga ya mwili. Sahani hizo tumezirithi kwa baba na mama, nazo ni za namna nyingi mno. Ndiyo sababu figo ya mtu mmoja ikitiwa katika mwili wa mwingine, mara nyingi walinzi huikataa.

Basi mwaka 2010 watafiti walipowalinganisha wagonjwa wa Parkinson wapatao 2,000 na watu wazima wasio na ugonjwa, waliona ya kuwa tofauti katika sehemu ile ya HLA huongeza kidogo hatari ya ugonjwa. Mwaka 2017 wengine wakaonyesha ya kuwa kwa baadhi ya wagonjwa walinzi wa mwili huitambua kama adui protini ya mwili wenyewe, iitwayo alfa-sinukleini, ile ile inayojikusanya katika ubongo wa wagonjwa. Ndiyo kusema, huenda mlinzi akampiga mwenye nyumba akidhani ni mwizi. Kama mapigo hayo ndiyo yanayoanzisha ugonjwa, au huja baada yake, wataalamu wangali wakichunguza.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Iko namna moja ya sahani hizo, iitwayo DRB1*04, ambayo katika uchunguzi wa miaka 2021 na 2023 ilionekana kupunguza hatari ya ugonjwa wa kutetemeka. Je, tuwaite wenye nayo kuwa waliobarikiwa? Tukifanya hivyo, tutaona haya mara moja, kwa kuwa katika jamii ya namna hiyo hiyo zimo zile ambazo kwa miaka mingi zimejulikana kuongeza hatari ya baridi yabisi kali, ile inayovimbisha na kupotosha viungo vya mikono. Mlinzi yule yule anayeulinda ubongo anaweza kuviharibu vidole.

Na hili si jambo geni kwetu watu wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza ya kuwa mtoto aliyerithi alama ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hulindwa na malaria kali. Lakini mtoto akiirithi kwa wazazi wote wawili, anaugua vibaya. Alama ni moja. Kwa ndugu mmoja ni ngao, na kwa ndugu yake wa tumbo moja ni maumivu. Ni nani atakayesimama katika nyumba ile na kusema kwamba huyu amebarikiwa kwa wema wake na yule amelaaniwa kwa uovu wake?

Tutaje na ukoma, kwa kuwa Maandiko yanautaja na misheni zimewatunza wagonjwa wake tangu zamani. Zamani madaktari wakubwa wa Norwe waliufundisha kuwa ni ugonjwa wa kurithi, na wakoma wakahesabiwa kuwa uzao mbaya. Kisha mwaka 1873, katika mji wa Bergen, Gerhard Armauer Hansen akaona kijidudu chake, na mafundisho yale yakaanguka. Lakini tazameni jinsi elimu inavyowanyenyekeza watu. Mwaka 2004, kwa uchunguzi wa Vietnam na Brazili, ilionekana ya kuwa urithi nao unayo sehemu, maana si kila anayefikiwa na kijidudu huugua. Na moja ya jeni zilizohusika ni ile iitwayo Parkin, ambayo watafiti wa Japani walikuwa wameitambua mwaka 1998 kwa vijana wenye ugonjwa wa kutetemeka. Mwaka 2019 tena wakaona ya kuwa jeni hiyo, pamoja na nyingine iitwayo LRRK2, zahusika na wale wakoma ambao kinga yao huwaka kupita kiasi hata kuunguza mishipa ya fahamu. Hivyo magonjwa mawili ambayo watu wameyaona kuwa aibu yamekutana katika mlango mmoja, nao ni mlango wa walinzi wa mwili. Hakuna mgonjwa aliyewachagua walinzi wake.

Baada ya hayo na tulirudie swali la hatia.

Wanafunzi wa Bwana walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza kama aliyekosa ni yeye ama wazazi wake. Habari hii imo katika Yohana 9. Bwana alizikataa njia zote mbili walizomwekea. Wao walitaka kujua ya nyuma, yeye akawaelekeza kwenye kazi ya Mungu iliyokuwa mbele yao, akainama chini, akashika udongo, akaanza kumponya. Ezekieli naye, katika sura ya 18, aliagizwa kuikomesha mithali iliyopendwa na watu wa wakati wake, ile ya baba waliokula zabibu mbichi na watoto walioumwa meno.

Najua, atasema mwalimu mmoja wa katekisimo, "Lakini katika Amri Kumi twasoma ya kuwa Mungu huwapatiliza wana uovu wa baba zao." Ni kweli, imeandikwa. Lakini tuangalie hukumu ile ni ya nani. Ni ya Mungu aijuaye mioyo, naye katika neno lilo hilo huzihesabu rehema zake kwa maelfu. Hakutupa sisi ruhusa ya kuutazama mwili wa jirani na kuusoma kama barua ya hukumu. Rafiki zake Ayubu walijaribu kuisoma barua ya namna hiyo, nao mwisho wakaamriwa kuombewa na yule waliyemshitaki.

Mwingine atauliza swali lililo gumu zaidi. "Je, sisi Walutheri hatufundishi dhambi ya asili? Katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha pili, tunakiri ya kuwa watu wote huzaliwa na dhambi. Basi kwa nini kusema kwamba urithi si hatia?" Ndugu zangu, hili ni swali jema, na jibu lake lapatikana katika neno moja, nalo ni "wote." Dhambi ya asili haikupewa ukoo mmoja ukaachwa mwingine. Mgorowa na Mwiraqw, Mmbugwe na Mrangi, mwenye mkono mtulivu na mwenye mkono unaotetemeka, wote wamo ndani yake sawasawa, na wote huletwa kwenye birika moja la ubatizo. Kwa hiyo fundisho hili haliwezi kuwa sababu ya kumnyoshea kidole mtu mmoja. Mtu akilitumia kuutenga ukoo wa mwenzake, amelisahau lililo lake mwenyewe.

Tena liko jambo ambalo mara nyingi hatulisemi. Kama ugonjwa wa kurithi si hatia, basi na afya ya kurithi si haki. Mikono yetu ikiwa imetulia leo, hatukuitengeneza sisi. Walinzi wetu tulipewa tumboni mwa mama kabla hatujatenda jema wala baya. Mtu mzima anayejisifu mbele ya mgonjwa afanana na mtoto anayejisifia shamba alilolikuta limelimwa.

Basi mshenga tulimjibuje? Hatukumdanganya. Hatukusema ya kuwa kijana hataugua kamwe, kwa kuwa hakuna awezaye kuapa hivyo, wala kwa ajili ya kijana, wala kwa ajili ya binti. Wala hatukusema ya kuwa ni vibaya kuuliza habari za afya kabla ya ndoa. Kuuliza ni busara, na mahali pengine ni wajibu. Wawili wanaooana wakiwa wote wana alama ya selimundu, kwa kila mtoto wanayemzaa iko nafasi moja katika nne kwamba ataugua. Ni vema walijue jambo hili, wapate kushauriana na daktari. Lakini ugonjwa wa kutetemeka hauna hesabu nyepesi ya namna hiyo. Hatari yake imefungamana na jeni nyingi, na umri, na mambo mengine ya maisha. Tena elimu yenyewe imepatikana zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya. Mwaka 2023 tu, uchunguzi uliowahesabu wagonjwa wa Nijeria na wengine wenye asili ya Afrika ulionyesha tofauti moja katika jeni iitwayo GBA1, iliyo ya kawaida kwa watu wa Afrika ya Magharibi na adimu mno Ulaya. Basi atakayeichukua hesabu ya mbali na kuivunja kwayo posa ya Maisaka, atakuwa ametumia pishi isiyo ya soko hili.

Tulimwambia hivi: "Waambie wazee wa binti kwamba kuogopa si dhambi, na kuuliza si dhambi. Kama wanaona shaka, na waende pamoja na kijana kumsikiliza daktari. Lakini neno laana waliondoe. Na lile la kanisa kumtenga mzee, waambie kosa ni la mchungaji."

Kisha ikatubidi kufanya lililo gumu kuliko kusema. Tulikwenda nyumbani kwa mzee, tukaketi naye nje, chini ya mti. Mkono wake ulikuwa juu ya goti ukitetemeka, naye aliufunika kwa mkono wa pili kama mtu afichaye kitu cha wizi. Tukamwomba radhi. Alinyamaza kwa muda mrefu, nasi hatukujua kama ni hasira ama ni ule ugonjwa unaochelewesha maneno. Mwisho alisema kwa sauti ndogo, "Mchungaji, nilidhani ninyi mnajua dhambi yangu ambayo mimi siijui. Nimeitafuta usiku mwingi." Ndugu, tulilia. Tulikuwa tumemwekea mzigo ambao hata Bwana hakumwekea yule kipofu.

Binti yake akaleta chai. Mzee alipounyosha mkono kukipokea kikombe, tuliona kwa macho yetu jambo ambalo madaktari wameliandika tangu zamani. Mara nyingi mtetemeko wa ugonjwa huu ni wa mkono uliotulia, na mkono ushikapo kazi hupungua. Kikombe kilifika kinywani, na chai haikumwagika. Sisi tulimwondolea kazi kwa sababu ya mkono uliotetemeka katika kupumzika, na kumbe pengine ni katika kazi ndipo ulipopata utulivu wake.

Sasa yuko katika mkono wa waganga wa hospitali, anatumia dawa, na mwendo wake umekuwa mwepesi kidogo. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya usharika, tukaungama lile la baraza, naye akaitwa kuichukua sahani. Alikwenda polepole. Sarafu ziligongana kidogo alipoingoja zamu yake mbele ya madhabahu, na kanisa zima likazisikia. Hakuna aliyenong'ona. Habari za posa bado zinazungumzwa, nasi hatuwezi kumlazimisha mtu amtoe binti yake.

Enyi waalimu na wainjilisti, watazameni wazee wanaoketi karibu na mlango. Mkimwona atetemekaye, au yule ambaye uso wake umesimama na hatua zake zimekuwa fupi, msiulize amefanya nini, wala ni nani aliyemfanyia. Mwulizeni kama amekwisha kwenda hospitali, na ni nani atakayemsindikiza. Mwacheni amalize maneno yake, hata akikawia. Wala msimwondolee kazi aiwezayo.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo na iwe nanyi nyote.